LAANA YA FIRAUNI: KUTOKA KABURINI HADI KWENYE SINEMA

 

Juzi baada ya futari, mtoto wa dada yangu, umri wake miaka tisa, alikataa katakata kwenda kuzima taa ya ukumbini. Tulipomuuliza kulikoni, akasema anamuogopa Imhotep. Kumbe alasiri ile, wakubwa walipokuwa wamejilaza kupunguza makali ya saumu, yeye na wenzake waliketi mbele ya televisheni wakiangalia The Mummy, ile sinema ya maiti ya Misri inayofufuka na kunyonya watu uhai. Akaniuliza maswali matatu mfululizo: "Mjomba, Imhotep alikuwa mtu wa kweli? Ile laana ipo kweli? Na wale Waarabu wabaya wa kwenye muvi, ni Waislamu kama sisi?"

Nilimpa jibu la harakaharaka, nikaenda naye kuzima taa. Lakini maswali yale yalinikaa kichwani usiku mzima, hasa lile la tatu. Ndipo nikaona niyaandikie haya. Sinema hizi za kampuni ya Universal zimeanza kutengenezwa tangu mwaka 1932. Babu zetu waliziona, baba zetu waliziona, sisi tukaziona kwenye kanda za video, na sasa watoto wetu wanaziona kwenye simu. Kitu kilichokaa na watu muda huo wote si mchezo tu. Hebu basi tukifuatilie tangu mwanzo.

NENO LENYEWE TUNALIJUA

Tuanze na jina. Waingereza husema mummy, lakini neno hilo halikuzaliwa Uingereza. Lilitoka kwa Wafursi na Waarabu, mumiya, na maana yake ilikuwa aina ya lami nyeusi itokayo ardhini, ambayo matabibu wa zamani waliitumia kutibu majeraha na mifupa iliyovunjika. Watu walipoziona maiti za Misri ya kale zimekuwa nyeusi tititi, wakadhani zimepakwa lami ile ile. Basi jina la dawa likahamia kwenye maiti.

Tabibu mashuhuri wa Kiislamu, Abdul-Latif al-Baghdadi, alifika Misri karibu na mwaka 1200. Aliandika kwamba ile mumiya iliyotolewa ndani ya maiti ilikuwa ikiuzwa, na kwamba yeye mwenyewe alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho kwa nusu dirham. Baadaye biashara hii ikavuka bahari. Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri, na wagonjwa wakaumeza. Wachoraji nao walikuwa na rangi ya hudhurungi iliyotengenezwa kwa maiti zilizosagwa. Karne ya 19 ilipofika, jijini London daktari mmoja mpasuaji aitwaye Thomas Pettigrew alikuwa akifungua sanda za maiti hizo mbele ya watu waliokuja kutazama kama wanaokwenda kuona maonyesho.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kwenye sinema, maiti ya Misri ndiyo inayokula watu. Katika historia ni kinyume chake: watu ndio waliokuwa wakiila maiti.

Na sisi wa pwani, neno hili lilitufikia pia. Nani hajawahi kutishwa na mumiani? Wazee walilijua kwanza kama jina la dawa nyeusi iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Halafu zama za ukoloni likageuka, likawa jina la watu waliodhaniwa kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili kutengeneza dawa hiyo. Wazimamoto na magari yao mekundu ndio waliosingiziwa zaidi. Mwaka 1947, hapa Mombasa, kundi la watu lilivamia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Yaani neno moja la dawa, likitembea mdomoni hadi mdomoni, lilitosha kuwafanya watu wazima kushika mawe. Kumbuka kisa hiki, tutakirudia.

Ama maiti zenyewe, hazikuhifadhiwa kwa uchawi. Wamisri wa kale waliamini kwamba roho itauhitaji mwili baada ya kufa. Kwa hivyo walitoa matumbo, wakaufunika mwili kwa magadi ili yanyonye maji yote, kisha wakauzungushia vitambaa vya kitani. Kazi nzima ilichukua kama siku 70. Ndiyo, magadi, ya jamii ile ile inayochotwa kwetu katika Ziwa Magadi. Pamoja na hewa kavu ya jangwani, ikawa ni maarifa ya kukausha, kama vile mvuvi anavyokausha papa.

KABURI LA MFALME KIJANA

Tarehe 4 Novemba 1922, vibarua Wamisri waliokuwa wakichimba katika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mji wa Luxor, walifikia kidato cha ngazi kilichofunikwa na mchanga. Ngazi ile ilishuka hadi kwenye kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyefariki akiwa na umri wa miaka kama 19, zaidi ya miaka 3,200 kabla ya siku hiyo. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa Muingereza Howard Carter. Mwenye pesa alikuwa tajiri wa Kiingereza, Lord Carnarvon. Vitu vilivyokutwa humo vilizidi 5,000.

Carnarvon akafanya biashara. Aliliuzia gazeti la The Times la London haki ya habari zote za kaburi lile. Waandishi wa magazeti mengine wakabaki nje juani. Hata magazeti ya Misri yenyewe yakawa yanangoja London iwaambie kilichomo katika ardhi yao. Hebu fikiri hasira iliyokuwako.

Kisha, tarehe 5 Aprili 1923, Carnarvon akafariki jijini Cairo. Sababu inajulikana. Aliumwa na mbu shavuni, akajikata pale pale wakati wa kunyoa ndevu, kidonda kikaingia vijidudu, damu ikaharibika, na homa ya mapafu ikamaliza kazi. Alikuwa mtu wa afya dhaifu kwa miaka mingi, na penisilini ilikuwa haijagunduliwa.

Lakini waandishi waliofungiwa nje wakapata habari isiyohitaji ruhusa ya mtu: laana! Wakaandika kwamba taa za Cairo zilizimika alipokata roho, kana kwamba umeme kukatika ni jambo la ajabu. Sisi wa Kenya twaelewa. Mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle, akawaambia waandishi kwamba huenda ni viumbe vilivyowekwa na makuhani kulinda kaburi. Kila aliyekufa baada ya hapo, awe amekufa kwa ajali au kwa uzee, akaongezwa kwenye orodha.

Ukweli ni upi? Mlangoni mwa kaburi la Tutankhamun hapakuandikwa laana yoyote. Carter, aliyefanya kazi humo kwa takriban miaka kumi na kuigusa maiti yenyewe, aliishi hadi 1939. Binti wa Carnarvon, Lady Evelyn, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia, alifariki mwaka 1980. Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa mtaalamu Mark Nelson. Aliwachukua watu 44 wa nchi za Magharibi ambao Carter aliwataja kuwa walikuwako Misri wakati huo, na kulinganisha walioshuhudia kufunguliwa kwa kaburi au jeneza na wale ambao hawakushuhudia. Hakupata ushahidi kwamba waliofungua walikufa mapema kwa sababu ya laana.

Na hadithi ya laana ilikuwako hata kabla ya kaburi. Mwandishi wa Kimarekani Louisa May Alcott alitoa hadithi fupi ya laana ya maiti ya Misri mwaka 1869, zaidi ya miaka 50 kabla ya Carter kuiona ngazi ile. Kwa hivyo hawakuikuta laana kaburini. Walikwenda nayo.

Kuna jambo jingine ambalo kelele za laana zililifunika. Misri ilitangaziwa uhuru mwaka huo huo wa 1922, mwezi wa Februari, ingawa majeshi ya Uingereza yalibaki. Wamisri wakauliza swali la haki: hazina hii ni ya nani? Mwaka 1924, chini ya serikali ya Saad Zaghloul, Carter aligombana na wakuu wa Misri hadi akafungiwa nje ya kaburi. Aliporudi kazini mwaka 1925 ilikuwa kwa masharti, na hazina ile ilibaki Misri. Hiyo ndiyo habari kubwa ya kaburi lile, lakini haikuuza magazeti kama laana.

1932: MUANDISHI ANAINGIA SINEMANI

Kampuni ya Universal ya Marekani ilikuwa imepata faida kubwa mwaka 1931 kwa sinema za Dracula na Frankenstein. Ikatafuta jitu jipya la kutisha. Aliyepewa kazi ya kuandika mchezo ni John Balderston, na bwana huyu alikuwa ndiye yule yule aliyewahi kuwa muandishi wa habari na kuripoti kufunguliwa kwa kaburi la Tutankhamun! Wimbi la magazeti likaingia moja kwa moja kwenye sinema.

The Mummy ilitoka Disemba 1932, ikiongozwa na Karl Freund. Boris Karloff, Muingereza, aliigiza kuhani aitwaye Imhotep aliyezikwa hai kwa sababu alijaribu kumfufua mpenzi wake kwa maandishi ya uchawi. Wachimbaji wanamkuta, kijana mmoja anasoma maandishi yale kwa sauti, na maiti inafumbua macho. Karloff alikalishwa saa nane kupambwa na fundi Jack Pierce, lakini zile bendeji twaziona kwa dakika chache tu. Sehemu kubwa ya sinema anatembea akiwa Mmisri wa kisasa, na tarbushi yake kichwani, akijiita Ardath Bey. Jangwa unaloliona humo si la Misri. Ni la California.

Sasa tumjibu mtoto swali la kwanza. Imhotep alikuwa mtu wa kweli. Aliishi zaidi ya miaka 4,600 iliyopita, akiwa waziri wa mfalme Djoser. Anahesabiwa kuwa ndiye aliyesanifu ile piramidi ya ngazi iliyoko Saqqara, jengo la mwanzo kubwa namna hiyo kujengwa kwa mawe ya kuchongwa. Wamisri waliokuja baadaye walimsifu kwa elimu na utabibu kiasi cha kumfanya mungu, na hapo sisi hatuko pamoja nao. Kaburi lake halijapatikana hadi leo, kwa hivyo hakuna aliyewahi kuiona maiti yake, sembuse kuifufua. Mhandisi na msomi mkubwa wa Afrika, jina lake leo likitajwa, mtoto anakimbilia mvunguni. Je, hii si dhulma kwa marehemu?

MAKUHANI WENYE MAJINA YETU

Baada ya hapo Universal ilibadilisha maiti. Kuanzia The Mummy's Hand ya 1940 akaja Kharis, ambaye haongei, anaburuta mguu tu na kukaba watu shingo, akiendeshwa kwa supu ya majani ya mti usiokuwako duniani. Sinema tatu zikafuata, moja mwaka 1942 na mbili mwaka 1944. Mwaka 1955 wachekeshaji Abbott na Costello wakamtia maiti kwenye vichekesho. Kitu kikishafika kuchekwa, ujue watu wamekizoea.

Lakini waangalie wale wanaomtuma Kharis. Ni makuhani wa miungu ya Kifirauni, na majina yao ni Mehemet Bey na Yousef Bey. Muhammad kwa matamshi ya Kituruki, na Yusuf! Bey ni cheo cha dola ya Uthmaniya. Yaani mtu avae tarbushi, aitwe jina la Kiislamu, kisha apigie magoti masanamu ya Karnak. Wamisri waliacha kuiabudu miungu hiyo hata kabla ya Amr ibn al-As (RA) kuingia nchi ile. Watengenezaji wa sinema hawakujali. Kwao, Firauni, Muarabu, Mturuki na Muislamu walikuwa kitu kimoja: mtu wa kutoka mbali, wa kuogopwa.

Mwaka 1959 Waingereza wa kampuni ya Hammer walimrudisha Kharis kwa picha za rangi, akiigizwa na Christopher Lee, na mpinzani wake akiwa Peter Cushing. Mehemet Bey naye yumo. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Misri itaifishe Mfereji wa Suez na Uingereza, Ufaransa na Israeli kuishambulia. Kwa haki ya Mungu, sinema hii ina jambo jema moja. Kuna pahali Mmisri na Muingereza wanakaa chumba kimoja wakibishana kama ni halali kufukua makaburi ya watu. Mmisri anapewa nafasi ya kusema neno lake, kisha anarudishwa kuwa muovu. Hammer ilitoa nyingine tatu, mwaka 1964, 1967 na 1971, kisha maiti akalala.

WAMISRI WAJIBU WENYEWE

Hapa naomba utue, ndugu msomaji, maana sinema ninayoitaja sasa wengi wetu hatuijui. Mwaka 1969 Mmisri Shadi Abdel Salam alitengeneza filamu iitwayo Al-Mumia, kwa Kiarabu fasaha. Humo hakuna maiti inayotembea. Kuna kijana tu na dhamiri yake.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Katika kijiji cha Qurna karibu na Luxor, ukoo wa Abd el-Rassul uligundua pango lililofichwa maiti za wafalme, makuhani wa kale walizozihamishia humo kuziepusha na wezi. Kwa takriban miaka kumi ukoo huo ukawa unachota na kuuza kidogo kidogo kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Mwaka 1881 siri ikafichuka. Wakuu wa mambo ya kale, akiwemo mtaalamu wa Kimisri Ahmed Kamal, wakakuta humo maiti zaidi ya 40. Miongoni mwao alikuwemo Ramses wa Pili, ambaye baadhi ya watu husema ndiye Firauni wa zama za Nabii Musa (AS), ingawa wataalamu hawajaafikiana. Meli ilipoondoka nazo kuelekea Cairo, inasimuliwa kuwa wanavijiji walisimama kingo za Nile, wanawake wakiomboleza kama walioondokewa na mzazi.

Katika filamu ile, kijana Wanis anafiwa na baba yake, kisha anaambiwa siri: chakula ulichokula tangu utotoni kilitokana na kuuza wafu. Afanye nini? Akinyamaza, anaendelea kula haramu. Akisema, anausaliti ukoo. Hilo ndilo linalotisha humo, na ni tisho ambalo mtu mzima yeyote mwenye familia ya kulisha analielewa. Mwaka 2009 filamu hii ilisafishwa upya kwa juhudi za taasisi ya Martin Scorsese. Ukiipata, itazame.

1999 NA BAADA YAKE

Tukija kwenye zama zetu, tarehe 7 Mei 1999 Universal ilitoa The Mummy mpya ya Stephen Sommers. Hii ndiyo iliyotuteka vijana wa wakati ule. Haikuwa ya kutisha pekee, ilikuwa na vita, mbio za ngamia, vichekesho na mapenzi. Brendan Fraser na Rachel Weisz ndio mashujaa, na Arnold Vosloo wa Afrika Kusini ndiye Imhotep. Iligharimu kama dola milioni 80 na kuingiza zaidi ya milioni 400. Picha za jangwani zilipigwa Morocco. Hata lugha anayosema Imhotep ilitayarishwa na mtaalamu wa Misri ya kale, Stuart Tyson Smith.

Lakini elimu iliishia kwenye lugha. Imhotep amefanywa kuhani wa mfalme Seti wa Kwanza, ambaye alikuja zaidi ya miaka 1,300 baada ya Imhotep wa kweli. Wale wadudu wanaokula watu ndani ya dakika moja, katika maisha ya kweli hula mavi ya wanyama, hawana haja na nyama yako. Na jambo linalotugusa zaidi: maiti huyu anapofufuka, maji yanageuka damu, nzige wanajaa, giza linaingia mchana. Ndugu msomaji, hizo tunazijua ni habari za nani. Tunazisoma katika kisa cha Nabii Musa (AS), na zilikuwa ishara za Mwenyezi Mungu dhidi ya Firauni. Sinema imezichukua ikampa kuhani wa Firauni azitumie! Mtoto asiyefundishwa kisa cha asili atakijua hiki cha bandia kwanza.

Mwaka 2001 ikaja The Mummy Returns, iliyomleta mcheza mieleka Dwayne Johnson kama Mfalme Nge. Huyo naye ana asili: kuna rungu la jiwe lililofukuliwa Hierakonpolis mwishoni mwa karne ya 19, lenye picha ya mfalme na nge, la zamani kuliko piramidi zote. Nge huyo akapewa sinema yake mwaka 2002, na nyingine kadhaa za bei rahisi zikafuata. Mwaka 2008 maiti ikahamishiwa Uchina, ikiigizwa na Jet Li. Pesa zikaingia karibu milioni 400 tena, lakini utamu ulikuwa umepungua.

Jaribio la 2017 lilikuwa la kujenga ufalme mzima. Universal ilikusudia kuyaunganisha majitu yake yote ya zamani kwenye mlolongo mmoja wa sinema. Ikamchukua Tom Cruise, na maiti mara hii akawa mwanamke, akiigizwa na Sofia Boutella, mzaliwa wa Algeria. Kaburi lake linakutwa Iraq, katikati ya vita, na wapiganaji wakivunja masanamu. Watu walikwenda kuiona, lakini gharama zilikuwa kubwa mno na sifa mbaya zikaenea, na mpango mzima ukaachwa. Brendan Fraser, aliyesahauliwa kwa miaka mingi, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2023 kwa filamu nyingine isiyo na maiti hata mmoja.

WAARABU WA KWENYE MUVI

Turudi kwa swali la tatu. Katika sinema ya 1999 yupo mkuu wa jela, mchafu, mlafi wa pesa. Wapo umati wa watu wanaotembea kama waliorogwa. Msomi wa Kimarekani mwenye asili ya Lebanon, Jack Shaheen, alichunguza zaidi ya sinema 900 za nchi yake katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, na akaonyesha kwamba Muarabu humo mara nyingi ni tajiri mpumbavu, gaidi, au muovu wa jangwani.

Tuwe waadilifu. Katika sinema hiyo hiyo yupo pia Ardeth Bay, kiongozi wa walinzi wa jangwani, shujaa, mwenye heshima na neno lake. Jina lake limechukuliwa kwa yule Ardath Bey wa 1932, lakini sasa yuko upande wa wema. Kwa hivyo mambo yalisogea kidogo. Lakini hebu hesabu: Muingereza, Mwafrika Kusini, Mualgeria. Hao ndio waliopewa kuwa Misri. Wamisri wenyewe waliendelea kutazama.

Mimi sisemi watengenezaji walikaa chini wakapanga njama. Hapana. Wengi walinakili walichokikuta, kama fundi anayekata kanzu kwa kipimo cha kanzu ya zamani bila kumpima mwenyewe. Ila mtoto wa miaka tisa anapomuona mtu mwenye jina kama lake, kilemba kama cha babu yake, na kila mara ndiye mbaya, ataanza kujiuliza. Bora ajiulize mbele yako kuliko anyamaze.

LAANA YA 2021

Na je, laana? Machi 2021, Misri ilijiandaa kuzihamisha maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, kutoka jumba la makumbusho la Tahrir. Mara meli kubwa ya Ever Given ikakwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23. Tarehe 26 treni zikagongana Sohag. Siku iliyofuata jengo likaporomoka Cairo. Mitandao ikawaka moto: laana ya Mafirauni! Angalia basi, uvumi ule ule wa 1923, na ndugu yake yule wa kituo cha zimamoto.

Mtaalamu Zahi Hawass aliukanusha. Na meli ile ilinasuliwa tarehe 29 kwa kuchimba mchanga, kwa meli za kuvuta, na kwa maji ya bamvua ya katikati ya Shaaban. Mvuvi yeyote wa Lamu angekueleza. Tarehe 3 Aprili, siku chache kabla ya Ramadhan ya 1442, maiti zote 22 zilipita mitaani kwa heshima zote na kufika salama. Pahali zilipopelekwa ni Fustat, mji ule ule ulioasisiwa na Amr ibn al-As (RA). Na hazina ya Tutankhamun sasa imekusanywa pamoja katika jumba jipya karibu na piramidi za Giza, lililofunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025.

Ubaya wa kusema "ni laana" ni huu: ukishasema hivyo, huulizi tena. Huulizi nani alikagua reli. Huulizi nani alitoa kibali cha jengo. Huulizi ni nani aliyechukua vitu vya kaburini na akavipeleka wapi. Laana humwachia huru mwenye kosa.

TUFANYE NINI?

Sikusudii kukuambia uvunje televisheni. Ukizizuia watazitazama kwa jirani. Kaa nao. Uliza: huyu Imhotep ni nani hasa? Nani ametengeneza picha hii, na wapi? Mbona Mmisri haongei? Kisha wasimulie kisa cha Musa na Firauni kutoka Surat Taha na Qasas, wakijue kwa asili yake. Siku za Ramadhan zina nafasi nzuri kwa hilo, baina ya futari na tarawehe.

Mimi nimeanza na yule mpwa wangu. Nilimchorea piramidi ya ngazi, nikamueleza habari za magadi na kitani, na za mzee Imhotep, mhandisi. Jana usiku taa aliizima mwenyewe. Alirudi mbio, lakini aliizima.